Mhubiri aliyerudi darasani

Somo: Matendo ya Mitume 18:24-28

Jumapili hii nakusimulia habari za mtu ambaye huenda hujawahi kumsikia, maana mchezo uliompa jina hauchezwi kwetu. Alikuwa Mmarekani mweusi, mwenye urefu wa karibu mita mbili na uzito unaozidi kilo 130, na alikuwa mhubiri wa Injili. Jina lake ni Reggie White. Amefariki zaidi ya miaka 20 iliyopita, lakini yaliyompata makanisani yanatuhusu sana mimi na wewe tunaoketi kwenye viti kila Jumapili na kuamua nani tumsikilize.

Alizaliwa tarehe 19 Desemba, 1961 katika mji wa Chattanooga, jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani. Ni sehemu yenye makanisa mengi, na enzi zile ilikuwa pia sehemu ya ubaguzi mwingi. Alilelewa na mama yake na bibi yake, na kanisa lilikuwa nyumba yake ya pili. Akiwa kijana wa miaka 17 tu, yuko sekondari, tayari alikuwa mhubiri wa Kibaptisti. Shika hapo, msomaji wangu, nitaparudia. Miaka 17, mwili mkubwa kuliko wa walimu wake, sauti nzito na kipaza sauti mkononi.

Nikueleze kidogo mchezo wenyewe, la sivyo hutamwelewa mtu huyu. Mpira wa Kimarekani haufanani na kandanda letu. Mpira una ncha mbili, unabebwa mikononi, na kila timu inapata nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Upande unaoshambulia unaongozwa na kwotabeki. Yeye ndiye anayepokea mpira na kuamua ampe mwenzake akimbie nao au aurushe mbali kwa mwingine aliyejitenga. Mbele yake wanasimama watu watano wakubwa wa kumkinga. Upande wa pili kuna mstari wa walinzi watatu au wanne, wamechuchumaa, wanangoja mpira uguswe. Wa mwisho kulia na wa mwisho kushoto katika mstari huo ndio walinzi wa ncha. Nyuma yao, wakiwa wima, wanasimama walinzi wanaoitwa lainibeka.

Zamani kazi hizi zilieleweka vizuri. Mlinzi wa ncha alikuwa kama nguzo ya mwisho ya ua: asibanduke, amzuie mkimbiaji asizunguke pembeni. Lainibeka alisoma mchezo akiwa nyuma, akaziba pale palipotoboka. Mwaka 1978 ligi kuu, NFL, ikalegeza sheria. Wanaomkinga kwotabeki wakaruhusiwa kunyoosha mikono na kusukuma, na wanaopokea pasi wakapunguziwa bughudha. Timu zikaanza kurusha mpira zaidi kuliko zamani. Basi thamani ya mlinzi ikabadilika. Aliyetafutwa sasa ni yule anayeweza kumfikia kwotabeki na kumwangusha kabla mpira haujamtoka mkononi. Tendo hilo wanaliita saki, jina lililoenezwa na Deacon Jones, mlinzi wa ncha wa kizazi kilichotangulia, na ligi ilianza kulihesabu rasmi mwaka 1982.

Mwaka 1981 akatokea New York kijana aitwaye Lawrence Taylor. Kwa nafasi yake alikuwa lainibeka, lakini hakukaa nyuma kusoma mchezo. Alikuja pembeni kama upepo wa kusi, na makocha wa timu nyingine wakalazimika kupanga upya watu wao kwa ajili yake peke yake. Tangu hapo mipaka ya kazi hizi mbili ikaanza kufutika. Timu yenye walinzi watatu mstarini ilimfanya lainibeka kuwa mwindaji na kumwachia mlinzi wa ncha kazi ya kushikilia. Timu yenye wanne ilimtuma mlinzi wa ncha kuwinda. Siku hizi wote wawili mara nyingi huitwa tu watu wa ukingoni, na mchezaji mmoja anaweza kuchuchumaa mara hii na kusimama mara ijayo.

Reggie White aliingia katikati ya mabadiliko hayo, na Mungu alikuwa amempa mwili uliozifaa kazi zote mbili. Alikuwa mzito wa kutosha kuwa nguzo, tena mwepesi wa kutosha kuwa mwindaji. Alisoma Chuo Kikuu cha Tennessee kuanzia mwaka 1980, akacheza misimu miwili katika timu ya Memphis ya ligi nyingine ambayo haikudumu, kisha mwaka 1985 akajiunga na Philadelphia Eagles. Huko alikutana na kocha Buddy Ryan, ambaye hakumfunga sehemu moja. Leo yuko ncha, kesho yuko katikati kabisa, ana kwa ana na yule anayeutoa mpira, ili adui asijue hatari itatokea wapi.

Mara nyingi alisimama upande wa kushoto wa ulinzi. Huo ndio upande ambao kwotabeki anayetumia mkono wa kulia anautazama. Walimwona anakuja. Na bado katika michezo 121 aliyocheza Philadelphia aliangusha makwotabeki mara 124, yaani zaidi ya mara moja kwa kila mchezo. Mwaka 1987, wachezaji walipogoma na yeye akacheza michezo 12 tu, alipata 21. Alikuwa na mbinu moja iliyomtambulisha: anajifanya anapita nje, yule anayemkinga kwotabeki anahamisha uzito wake kumfuata, kisha White anapenyeza mkono mmoja chini ya kwapa lake na kumtupa kando kama mtu anayefungua pazia. Mtu mwenye kilo 130 anatupwa kwa mkono mmoja!

Watu wakambatiza jina la Waziri wa Ulinzi. Kwa Kiingereza neno la waziri na neno la mhubiri ni lile lile, kwa hiyo jina hilo lilikuwa na utani ndani yake, na yeye alilipokea kwa furaha.

Na hakuwa mhubiri wa jina tu. Akiwa Philadelphia alikwenda na wachezaji wenzake kuhubiri mitaani, katika vitongoji maskini ambavyo polisi wenyewe walivipita haraka. Yeye na mke wake Sara walijenga nyumba huko Tennessee ya kuwahifadhi mabinti waliopata mimba bila waume, wakaiita Hope Palace. Uwanjani alijulikana kwa kumnyooshea mkono yule aliyemwangusha na kumsaidia kuinuka. Mchezo ukiisha, alikuwa miongoni mwa waliopiga magoti katikati ya uwanja, wachezaji wa timu zote mbili pamoja, kumshukuru Mungu kwamba wametoka salama.

Kuna usiku mmoja wa mwezi Juni, 1992 ambao mimi kila nikiusoma hunigusa. Billy Graham alikuwa na mkutano wa Injili katika uwanja ule ule ambao Eagles waliutumia, na White alialikwa kusema. Akiwa hapo zikamfikia habari kwamba Jerome Brown, mlinzi mwenzake mstarini na rafiki yake, amekufa kwa ajali ya gari huko Florida akiwa na miaka 27. Yeye ndiye aliyesimama kuutangazia umati. Fikiria hilo, mpendwa. Kiti cha mchezaji na madhabahu ya mhubiri vilikuwa sehemu moja usiku ule, na kilichomtoka kilikuwa kilio cha mtu aliyefiwa. Naamini hakuwahi kuhubiri vizuri zaidi ya hapo.

Mwaka uliofuata jina lake likaingia katika historia ya sheria. Wachezaji walikuwa wakidai haki ya kuhama mikataba yao inapokwisha, maana hata mkataba ukiisha timu iliweza kuendelea kumshikilia mtu. Kesi kubwa ya madai hayo ilibeba jina la Reggie White, na mwaka 1993 ligi ikakubali. Mtu wa kwanza mkubwa kuonja uhuru huo alikuwa yeye mwenyewe. Timu zikamgombania. Alisema wazi kwamba anangoja Mungu amwonyeshe pa kwenda, na wengi walidhani atachagua jiji kubwa lenye vitongoji vya watu weusi wenye shida, pale anapopenda kuhubiri. Kocha wa Green Bay, Mike Holmgren, akampigia simu, akakuta mashine ya kurekodi ujumbe, akajitambulisha kuwa yeye ni Mungu na anamwita Reggie aje Green Bay.

Utani, naam. Cheka, nami nilicheka. Lakini White alikwenda. Alitia saini mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 17 na kuhamia mji mdogo wa baridi kali katika jimbo la Wisconsin, mji wa watu wasiofika 100,000 wakati huo, karibu wote weupe, ambao timu yao ni mali ya wananchi wenyewe wenye hisa. Baada yake wachezaji weusi wengi waliokuwa wakiukwepa mji ule walianza kuuona kuwa mahali pa kwenda. Tarehe 26 Januari, 1997 huko New Orleans, Green Bay iliifunga New England 35 kwa 21 na kuchukua ubingwa iliokuwa imeukosa kwa miaka 29. White alimwangusha kwotabeki wa wapinzani mara tatu katika fainali hiyo. Hadi siku ile hakuna aliyekuwa amewahi kufanya hivyo katika fainali tangu saki zianze kuhesabiwa.

Mwaka mmoja kabla ya ubingwa huo, Januari 1996, kanisa alilokuwa mchungaji msaidizi huko Knoxville liliteketezwa kwa moto. Ilikuwa miaka ambayo makanisa mengi ya watu weusi kusini mwa Marekani yalichomwa. Watu wa Wisconsin, wengi wao weupe ambao hawajawahi kukanyaga Tennessee, walituma michango. Nalisema hili ili ujue walivyompenda, maana linalofuata ni gumu.

Machi 1998 Bunge la Wisconsin lilimwalika kuzungumza. Walimwalika shujaa wa jimbo. Alisimama akahubiri. Alisema habari ya ushoga kuwa dhambi, na hapo wapo waliokasirika na wapo waliopiga makofi. Lakini alikwenda mbali zaidi. Alitaka kuonyesha kwamba kila taifa la watu lina kipawa chake na kwamba sote kwa pamoja tunaufanya mfano wa Mungu. Nia ikawa nzuri na maneno yakawa mabaya, kwa kuwa alizitaja tabia za weusi, weupe, Waasia, Wahindi Wekundu na Walatino moja baada ya nyingine kwa misemo ile ile ya dharau ambayo watu wamekuwa wakibandikana mitaani. Wabunge walikaa kimya wakitazamana. Kazi ya utangazaji wa televisheni aliyokuwa akiitarajia ikapotea, na jina lake likaanza kutajwa kwa aibu na watu wale wale waliomwita baba wa imani uwanjani.

Nani alaumiwe? Yeye, bila shaka. Mtu mzima hujibu kwa kinywa chake. Lakini mimi nasema hakusimama pale peke yake. Tangu ana miaka 17 watu walikuwa wakimpa kipaza sauti. Kila saki aliyopata ilimfungulia mimbari nyingine. Ni nani kati ya wachungaji waliomwalika aliyemkalisha chini kwanza, akamuuliza amesoma nini, anaelewaje andiko hili, nani anamfundisha yeye? Soma lile somo letu la leo. Apolo alikuwa msemaji hodari, mwenye bidii, aliyeyajua Maandiko, na watu wa Efeso walimsikiliza. Hata hivyo Akila na Prisila walisikia kuwa kuna kitu kinapungua. Hawakumshangilia, na hawakumwaibisha mbele ya sinagogi. Walimchukua kwao wakamfundisha zaidi. White hakuwapata watu hao mapema. Alipata washangiliaji.

Na kwetu? Mwimbaji wa muziki wa dunia akiokoka Jumatatu, mabango ya mkutano yenye picha yake yako barabarani Ijumaa. Mchezaji wa Ligi Kuu akisema kwenye redio kwamba anamwamini Yesu, Jumapili inayofuata yuko madhabahuni na mzee wa kanisa anamshikia maji. Paulo alimwonya Timotheo kuhusu kumweka mtu mchanga katika imani kwenye uongozi, na sababu aliyoitoa ni kiburi. Mara nyingi tunalisoma andiko lile tukimfikiria yule mchanga. Ni vyema tumfikirie pia anayemwalika, na anayehesabu sadaka baada ya ibada kujaa.

White alicheza msimu mmoja zaidi baada ya mkasa ule wa bungeni, akapata saki 16 akiwa anaelekea miaka 37, na kwa mara ya pili akachaguliwa kuwa mlinzi bora wa ligi. Alipumzika mwaka 1999, akarudi mwaka 2000 na timu ya Carolina, kisha akastaafu moja kwa moja. Hesabu yake ilisimama kwenye saki 198, nyingi kuliko za mtu yeyote hadi siku ile.

Kisha akafanya jambo ambalo wahubiri wengi maarufu hawalifanyi. Aliacha kuhubiri. Mialiko ilikuwepo, malipo yalikuwepo, yeye akakataa. Alianza kusoma Kiebrania, saa nyingi kila siku, akitafuta walimu wa lugha hiyo ili ayasome Maandiko ya kwanza kama yalivyoandikwa, badala ya kurudia aliyosikia kwa wengine. Katika mahojiano ya miaka yake ya mwisho alieleza kwa uchungu kwamba makanisa mengi yalikuwa yamemtumia. Yalimtaka kwa kuwa alicheza mpira, wala si kwa kile alichokuwa akifundisha, na yeye alikubali kutumiwa. Alisema pia amekuja kuelewa kwamba Mungu alihitaji kwake mwenendo zaidi ya maneno.

Wapo waliosema ameiacha imani. Wengine walisema amekuwa Myahudi. Ukiwa umezoea kumwona mtu akitoa jasho madhabahuni, kumwona ameketi kimya na kitabu cha sarufi kunaweza kukuonekea kama kuanguka. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyefika kilele cha kazi yake, mwenye jina kubwa kuliko wachungaji wote waliomwalika, alikubali kuwa mwanafunzi wa herufi, alefu na bethi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Inahitaji nguvu zaidi ya ile ya kumtupa mtu wa kilo 130 kwa mkono mmoja. Na kama alikosea njia mahali fulani katika kutafuta kwake, aliyemtafuta anamjua.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 26 Desemba, 2004, Reggie White alikata ghafla akiwa nyumbani kwake North Carolina. Alikuwa ametimiza miaka 43 wiki moja tu kabla. Madaktari walieleza kuwa ugonjwa wa sakoidosisi ulikuwa umeingia kwenye moyo na mapafu yake, na kwamba tatizo la kukatika pumzi usingizini huenda lilichangia. Siku hiyo hiyo, utakumbuka, mawimbi ya tsunami yalivuka Bahari ya Hindi yakafika hadi mwambao wetu, na redio zetu hazikuwa na nafasi ya habari za mchezaji wa mbali.

Mwaka 2005 timu zake mbili za Philadelphia na Green Bay, pamoja na Chuo Kikuu cha Tennessee, ziliamua kwamba jezi namba 92 isivaliwe tena na mtu mwingine. Mwaka 2006 aliingizwa kwenye jumba la heshima la mchezo huo mjini Canton, Ohio. Mtoto wake wa kiume, Jeremy, ndiye aliyemtambulisha kwa umati, na Sara akapanda jukwaani kuipokea heshima ya mumewe.